Kutengeneza fimbo fupi ya mwanzi kwa uvuvi wa nzi bandia: mwongozo kamili

Kwenye uvuvi wa nzi bandia, kinachorushwa ni mshipi. Ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu ni nyepesi mno, haiwezi kujipeleka popote. Uzito uko kwenye mshipi mnene, na fimbo kazi yake ni kupinda kwa uzito huo, kisha kujinyoosha na kuutuma mbele. Ndiyo maana fimbo fupi nyingi huwa mbaya: mtu huchukua vipimo vya fimbo ndefu anayoipenda, akaipunguza urefu, akapata kijiti kigumu kisichohisi chochote mpaka utoe mshipi mwingi, mwingi kuliko kijito kilivyo kipana.

Mwongozo huu ni wa fimbo ya futi 6, yaani sentimita 183, ya pembe sita (fito sita za pembetatu zilizogundishwa pamoja), yenye vipande viwili, kwa mshipi namba 3. Ukiielewa hii, ya futi 5 na nusu au 6 na nusu haitakushinda.

Anza na mshipi ulioko hewani

Mishipi ya uvuvi huu hupewa namba kulingana na uzito wa futi 30 za mwanzo, karibu mita 9.1. Namba 3 ina gramu 6.5, namba 4 gramu 7.8, namba 5 gramu 9.1. Sasa piga hesabu ya kijito chenyewe. Samaki yuko mita 8 kutoka ulipo. Toa fimbo na mkono ulionyooshwa, karibu mita 2. Toa uzi mwembamba wa mbele, mita 2 nyingine. Umebaki na mita 4 za mshipi, ambazo hata zingekuwa na unene sawa kote zisingefika gramu 3. Uzito huo mdogo ndio unaopaswa kuipinda fimbo yako. Hiyo futi 30 iliyoandikwa kwenye kasha huenda usiitoe hata mara moja mchana kutwa.

Kuna kanuni mbili za kukaa nazo kichwani. Ya kwanza: kwa unene uleule, mpindo hubadilika kwa kipeo cha tatu cha urefu. Fimbo ya futi 6 itapinda asilimia 42 tu ya ile ya futi 8 kwa mzigo huohuo. Ya pili: ugumu hubadilika kwa kipeo cha nne cha unene. Ongeza unene kwa asilimia 10 na ugumu unapanda kwa asilimia 46. Kwa hiyo fimbo fupi lazima iwe nyembamba kuliko jicho linavyotaka, na kosa dogo la randa lina gharama kubwa.

Kabla hujanunua chochote, jiulize kama unaihitaji kweli. Fimbo fupi hupita chini ya matawi, hurusha pale ambapo mkono hauna nafasi, na huleta samaki karibu bila kuhangaika. Lakini haiwezi kuuinua mshipi juu ya mikondo miwili mitatu ya maji, na majani marefu nyuma yako yatakusumbua. Mmarekani Lee Wulff alikuwa akivua samoni wa Atlantiki kwa fimbo za mwanzi za futi 6, ila yeye alikuwa na mkono ambao wengi wetu hatuna. Kwa mto mpana chukua ndefu.

Mchoro wa unene

Unene wa fimbo ya pembe sita hupimwa kutoka ubapa mmoja hadi ubapa unaoutazama, kila inchi 5 (sentimita 12.7), kwa sababu kalibu nyingi za kupigia randa, yaani vifaa vyenye mfereji wa kulazia ufito, zina bolti kila inchi 5. Kuanzia nchani kushuka, tumia hivi kwa milimita:

1.50, 1.75, 2.10, 2.45, 2.80, 3.10, 3.45, 3.75, 4.05, 4.35, 4.70, 5.10, 5.60

Baada ya hapo ipande hadi 6.20 na ibaki hivyo ndani ya mshikio wote.

Angalia namba zinavyotembea. Katikati zinaongezeka kwa mwendo karibu mmoja, na hapo ndipo mpindo wa mita 4 za mshipi utakapokaa. Karibu na mkono zinapanda haraka zaidi ili fimbo ijue mahali pa kusimama. Ukipenda mwendo wa polepole unaoshuka hadi kiganjani, punguza 5.10 na 5.60 ziwe 5.00 na 5.30. Ncha usiishushe chini ya 1.50 kwa fimbo ya kwanza: fito zake zitakuwa na kimo cha milimita 0.75 tu, na ukipungukiwa hata kidogo utapata ncha inayolegea kama uzi uliolowa.

Fimbo fupi zenye jina ziko. Paul Young wa Detroit aliunda ile aliyoiita Midge, futi 6 na inchi 3, na hadi leo mafundi huinakili. Ukipata vipimo vya fimbo uliyowahi kuirusha ukaipenda, vichore kwenye karatasi ya mraba kando ya hivi na uone wapi vinaachana. Mchoro utakufundisha kuliko maelezo.

Kuchagua mwanzi

Mwanzi unaosifiwa kuliko yote kwa kazi hii ni ule wa Tonkin, *Pseudosasa amabilis*, unaotoka kwenye vilima vya Huaiji, kando ya Mto Sui, mkoa wa Guangdong nchini China. Huuzwa kwa mashina ya futi 12 yenye kipenyo cha kama sentimita 5. Marekani ilipozuia bidhaa za China mwaka 1950, mafundi wa huko walibaki na akiba waliyokuwa nayo, na viwanda vingi vikahamia fibaglasi.

Ubora wake uko kwenye nyuzinyuzi. Kata mwanzi, lainisha mkato kwa msasa, kisha utazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vidoti vyeusi vilivyosongamana karibu na ganda, vikitawanyika kadiri unavyoingia ndani. Vidoti hivyo ndivyo nguvu, kile cheupe kilichobaki ni nyama ya kujazia. Hapa fimbo fupi inakuonea huruma: ufito mnene kuliko yote kwenye mchoro wetu una kimo cha milimita 3.1, kwa hiyo tabaka la msongamano likifika milimita 3 linatosha. Mianzi mingi isiyofaa kwa fimbo ndefu inafaa hapa. Iwe tu imekomaa, imekauka vizuri, haina matobo ya wadudu, mafundo yako mbalimbali, na ukiigonga itoe mlio mkavu.

Kupasua, mafundo na kunyoosha

Mwanzi hupasuliwa, haukatwi kwa msumeno, ili nyuzinyuzi zibaki nzima toka mwanzo hadi mwisho. Weka kisu kizito juu ya kichwa cha shina, gonga kwa nyundo ya mti, gawa nusu kwa nusu. Nusu igawe tena nusu, hivyohivyo mpaka upate fito za upana wa milimita 6 hadi 7. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, pinda zaidi ule upande mnene na ufa utarudi katikati. Unahitaji fito 12, sita kwa kila kipande, na za akiba kadhaa. Zipe namba kwa mpangilio zilivyokaa kwenye shina, na weka alama upande wa chini.

Mafundo ndiyo yanayochelewesha kazi. Kila fundo lina ukingo uliotuna nje, na ndani kuna ukuta uliovunjika. Ondoa wa ndani kwa patasi. Ule wa nje upige tupa kidogo tu, usiufute wote, kwa sababu nyuzinyuzi hapo zinapanda na kushuka kufuata uvimbe. Ukiusawazisha kwa tupa peke yake umezikata. Pasha fundo kwa bunduki ya hewa moto, ukilizungusha bila kutulia, hadi mwanzi ulegee na kukubali mkono. Mara moja ubane kwenye jiliwa lenye mataya laini, ganda likitazama taya moja, na uache upoe humo humo. Toa, geuza, pasha tena, safari hii bana kwa pembeni kuondoa mkunjo wa kushoto na kulia. Ukiona kahawia inaanza kuwa nyeusi umezidisha.

Kisha panga fito ili mafundo yasikutane. Mpangilio rahisi ni wa tatu kwa tatu: fito ya 1, 3 na 5 mafundo yake yawe mahali pamoja, na ya 2, 4 na 6 yaangukie katikati ya hayo. Hivyo hakuna fundo linalopakana na fundo. Kwenye kipande cha ncha sogeza fito zote ili fundo la mwisho lisiwe ndani ya sentimita 10 za juu. Kwenye fimbo fupi hilo nalitilia mkazo, maana sentimita hizo ndizo zinazofanya kazi kwenye kila mrusho, hata ule mfupi kabisa.

Kata kwa urefu ukiacha ziada ya sentimita 5 kila upande.

Umbo la kwanza, kisha moto

Kalibu ya awali inaweza kuwa ya mti mgumu yenye mfereji wa digrii 60. Lengo ni kuugeuza ufito wa mraba kuwa pembetatu yenye pande sawa, bila mchongoko wowote bado, ukiwa mnene kuliko kipimo cha mwisho kwa milimita moja hivi. Upande wa ganda usiuguse kwa randa sasa wala baadaye. Unapunguza pande mbili za ndani tu, kwa zamu.

Funga fito sita pamoja kwa uzi wa pamba, zikiwa zimekaa kama zitakavyokaa kwenye fimbo, uziweke kwenye tanuri la nyuzijoto 175 hadi 190 kwa dakika 8 hadi 15, ukizigeuza kichwa kwa mkia katikati ya muda. Moto huu hutoa unyevu na kuufanya mwanzi urudi upesi zaidi baada ya kupinda. Matanuri hayafanani, kwa hiyo choma kwanza mabaki, uyapinde mpaka yavunjike. Yakichanika kwa nyuzi ndefu zilizochongoka, ni sawa. Yakikatika kwa mkato mfupi kama biskuti, punguza muda.

Randa ya mwisho

Kalibu ya chuma ni nondo mbili bapa zilizolazwa kando kwa kando, katikati yake mfereji wa digrii 60, na bolti za kuvuta na kusukuma kila inchi 5 za kufungua na kufunga mfereji huo. Kila kituo unakiweka kwa geji ya mshale yenye ncha ya digrii 60. Kina cha mfereji ni nusu ya unene wa fimbo: 0.75 nchani, 0.875 kituo kinachofuata, 1.05, na kuendelea. Ukimaliza kuweka vituo vyote rudi mwanzo upime tena, kwa sababu kukaza bolti moja huvuta ya jirani.

Tuseme umekosea milimita 0.05 tu kwenye kituo cha tatu. Kosa linajirudia pande zote mbili za fimbo, kwa hiyo 2.10 imekuwa 2.20, na ugumu hapo umepanda kwa asilimia 20. Kwenye fimbo ya futi 9 mvuvi asingegundua. Hapa utaona kitanzi cha mshipi kinavunjika hewani na hutajua kwa nini.

Tumia randa ndogo ya mkono, ulimi wake ukinolewa hadi unyoe nywele, na unoe tena kila umalizapo ufito mmoja. Laza ufito mferejini ganda likiwa ubavuni, piga randa mara kadhaa, geuza upande wa pili, idadi ileile. Sikiliza. Penye pingili safi randa inafyonza na taka inatoka kama utepe mrefu wenye mviringo. Ikifika kwenye fundo mlio unakatika, taka inakuwa unga. Hapo punguza ulimi, usiongeze nguvu, la sivyo randa itang'oa kipande na ufito umekwenda. Kila mara pima pande zote tatu kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: vimo vitatu vikitofautiana pembetatu yako imeinama, na gundi haitaficha hilo.

Ukikaribia kipimo kwa milimita 0.2, kwangua ganda kwa wembe au kikwanguo mpaka utomvu wake unaong'aa uondoke na uone nyuzinyuzi. Acha hapo hapo. Kila punje unayozidisha unaitoa kwenye tabaka lenye nguvu. Malizia kwa mapigo mepesi mpaka randa iteleze juu ya chuma bila kutoa kitu.

Gundi

Panga fito sita juu ya utepe wa karatasi wenye gundi, ganda likitazama utepe, zikilingana vichwa. Zikunje bila gundi kwanza uone kama zinafunga bila mwanya. Zikikubali, zifungue tena kama mkeka, paka gundi mitaro yote kwa mswaki, kunja, toa utepe, funga kwa uzi wa pamba kwa mzunguko wa kwenda na mwingine wa kurudi. Mizunguko miwili inayopingana ni lazima. Mmoja peke yake huisokota fimbo.

Gundi ipi? Epoksi ya kukauka polepole ni chaguo langu kwa mwanafunzi kwa sababu inampa nafasi ya kuhangaika. Gundi ya mti isiyoogopa maji nayo hushika vizuri, lakini inakuharakisha. Vyovyote, dakika kumi za kwanza baada ya kufunga ndizo za kunyoosha: tazama fimbo kutoka mwisho mmoja kuelekea dirishani, isokote kinyume pale ilipojisokota, ibiringishe juu ya meza bapa, kisha itundike. Gundi ikishakauka, mpindo bado unatibika kwa moto mdogo, lakini msokoto ni mateso.

Toa uzi, kwangua gundi iliyotoka nje, piga msasa laini uliogundishwa kwenye kibao kigumu. Bila kibao utazizungusha kona sita na kuipunguza fimbo bila kujua.

Kiungo

Vipande viwili vya fimbo huunganishwa kwa kiungo, yaani mirija miwili ya metali, dume likiingia ndani ya jike. Mafundi wengi hukata fimbo katikati kabisa. Mimi kwenye fimbo fupi hushusha kiungo: ncha ya sentimita 112 na shina la sentimita 71, ukiongeza kile kinachoingia ndani ya metali. Kiungo ni kizito na hakipindi. Kikiwa katikati ya fimbo ya futi 6 kinakaa palepale mshipi mfupi unapoomba mpindo. Kasha litakuwa refu kidogo, na hiyo ni bei ndogo. Mahali hapo unene ni kama milimita 4.3, kwa hiyo kiungo cha 11/64 ya inchi (milimita 4.37) kinakaa sawa. Jike hufungwa kwenye shina, dume kwenye ncha. Kona za mwanzi hukerezwa hadi dume na jike viingie kwa kubana kidogo, ukijaribu mara kwa mara. Ukikereza zaidi ya kona umeidhoofisha fimbo mahali inapovunjika zaidi. Gundisha kwa epoksi.

Ukiwa na kalibu ya karibu mita 2, tengeneza kipande kimoja bila kiungo. Ni raha kurusha, ni shida kubeba.

Mshikio, pete na uzi wa hariri

Mshikio wa vizibo, yaani pete za gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, uwe wa sentimita 12 hadi 13. Pete kumi za milimita 12.7 zinatosha. Uukereze hadi kama milimita 22, mwembamba kwenye kidole gumba. Kwa kushikia rili, kigurudumu cha kuviringishia mshipi, pete mbili za metali zinazoteleza juu ya gome ndizo nyepesi kuliko zote. Skrubu na mti wa kupendeza viache kwa fimbo ndefu, hapa vitaivuta fimbo yote nyuma ya mkono.

Pete za kupitishia mshipi ni saba, mbali na ile ya nchani. Anza na sentimita hizi kutoka nchani: 11, 24, 39, 56, 75, 97 na 122. Zibandike kwanza kwa utepe tu, funga rili na mshipi, nenda kwenye nyasi ukarushe mita 5, 6, 8, ndoana ikiwa imebadilishwa na kipande cha uzi wa sufu. Sogeza pete hadi mshipi ufuate mpindo wa fimbo bila kukata kona. Jaribu na mshipi namba 4 pia; kwa mita chache hizo unaweza kuupenda zaidi.

Ukiridhika, piga tupa miguu ya pete iwe myembamba isiyokwaruza, funga kwa uzi mwembamba wa hariri, mzunguko ukigusana na mzunguko. Kumbuka hariri hugeuka ya kuonyesha ndani ikipata vanishi, na rangi nyepesi hutoweka kabisa. Fungia pia kwenye mdomo wa kiungo, mahali mwanzi unapoingia kwenye metali.

Vanishi

Njia safi ni kuizamisha fimbo kwenye bomba lililojaa vanishi ya boti na kuivuta juu polepole, sentimita 5 hadi 8 kwa dakika, ukisimama kidogo kila pete inapotoka ili tone lidondoke. Kwa brashi pia inawezekana, mradi tabaka liwe jembamba na chumba hakina vumbi. Tabaka mbili au tatu, msasa mwororo kati yake, siku kadhaa za kukauka baada ya kila moja. Dume na ndani ya jike visipate vanishi.

Kwenye maji, ndoana ikinasa mtini usiipinde fimbo kuitoa. Ielekeze moja kwa moja kwenye ndoana na uvute mshipi kwa mkono. Kutenganisha vipande, shika karibu na kiungo pande zote mbili na uvute bila kusokota. Futa maji kabla ya kuiweka kwenye mfuko wa kitambaa, na usiifungie kwenye kasha ikiwa na unyevu.